Mzee wa godauni na karatasi ya 7.1: kisa cha homoni ya kiume hapa Tanga

Karatasi aliitoa kwenye bahasha ya kaki akaiweka mezani uso chini, kama mtu anayeficha karata. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu moja kwa moja: "Dokta, mi sitaki maneno mengi. Hapo pameandikwa sina homoni. Wewe niambie tu hizo sindano ni za kweli au ni za uongo, maana hela nishaanza kuchanga."

Nikaigeuza. Testosteroni, ndo hiyo homoni ya kiume, nanomoli 7.1 kwa lita, pembeni mshale unaotazama chini. Muda wa kuchukua damu: saa 10 na robo jioni. Hapo ndo mashaka yangu yalipoanza, ila tutafika.

Kwanza niseme mwenyewe kaniruhusu kukisimulia, tena kwa sharti kwamba nisitaje mtaa wala jina, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha nimevigeuza. Mimi si bingwa wa homoni, ni tabibu wa kawaida, vitu vizito vyote kwenye kisa hiki vilipita kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ambaye nilimpelekea mgonjwa. Nachoandika ni jinsi tulivyolifumua hili fundo.

Mzee ana miaka 57. Mlinzi wa usiku kwenye godauni moja karibu na bandari, huu mwaka wa 12 yuko zamu ya usiku, anaingia saa 12 jioni anatoka saa 12 asubuhi. Ujana wake aliumalizia kwenye mkonge huko, kukata na kubeba, kwa hiyo mwili wake alikuwa anauamini sana. Baiskeli alikuwa haachi, Tanga hii nani hana baiskeli, lakini mgongo ulipoanza kumsumbua kama miaka miwili iliyopita akaiegesha, sasa hivi kazini anapelekwa na bodaboda na kurudishwa na bodaboda. Kilo 96, urefu sentimita 168, kiuno nilipopima sentimita 112. Presha siku hiyo 158 kwa 96 na anasema dawa anameza.

Malalamiko yake: uchovu wa kutoisha, hamu ya tendo imekwenda, na jogoo hapandi mtungi. Nikamuuliza swali ambalo watu wanaliona la utani lakini ni la maana kabisa, je alfajiri jogoo anawika mwenyewe? Akacheka, akatazama mlango, akasema "yule kanyamaza mwaka wa pili sasa". Yapo mambo matatu yanayoshikamana zaidi na upungufu wa kweli wa hii homoni kwa mtu mzima: hamu kupotea, kusimama kwa asubuhi kupotea, na kushindwa wakati wa tendo lenyewe. Uchovu, hasira, usingizi mbovu, kusahau sahau, hivyo vinaweza kuletwa na vitu mia, hata madeni.

Mkewe ndo alikuwa amemsukuma aende kupima. Baadaye alikuja naye, mama mmoja mpole lakini hamungunyi maneno, akasema "dokta hilo la chumbani mi nimeshalizoea, kinachonitisha ni anavyokoroma, anakoroma halafu anakata pumzi, kimyaaa, nabaki namsikiliza kama atarudi." Nikaiandika hiyo kwa herufi kubwa. Wanaume wengi hawana habari kama wanakoroma, mwenye habari ni anayelala pembeni.

Sasa kabla hajafika kwangu mtaa ulikuwa umeshamtibu. Wa kwanza wakasema ni busha. Kweli anayo, upande wa kulia, ndogo, na pwani hii ya Tanga busha tunalijua vizuri, matende yametutesa miaka na miaka. Ila busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko kuzunguka korodani, haimaanishi korodani imekufa. Ultrasaundi ilionyesha maji kidogo na korodani zote mbili zina saizi ya kawaida, basi shauri la busha tukaliweka kando, atafanyiwa operesheni kwa wakati wake. Wa pili wakasema chango la kiume, akanywa mizizi. Wa tatu wakamletea vumbi la Kongo, analamba nusu saa kabla, mara moja likamfanyia kazi na moyo ukamwenda mbio mpaka akakaa nje barazani usiku kucha anahema. Unga wa namna hiyo hujui umetiwa nini, sehemu nyingi duniani poda za "asili" zimekutwa zimechanganywa na sildenafili, dawa ya kusimamisha, ileile ya vidonge vya hospitali bila kuandikwa, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitreti akiilamba hiyo, presha inaweza kuporomoka akafa. Mzee wetu hakuwa na nitreti, alikuwa na bahati tu.

Wa nne ndo hao wa sindano. Sehemu aliyopimia, nisiitaje, walimwambia umri umekula homoni yote, achome sindano kila baada ya wiki kadhaa maisha yake yote. Kipimo kimoja cha jioni ndo kimefika huko.

Haya, turudi kwenye 7.1. Testosteroni ina saa yake. Inapanda usiku mtu akiwa amelala, asubuhi inakuwa juu, jioni inakuwa imeshuka, kwa vijana inashuka zaidi kuliko kwa wazee lakini wote inashuka. Ndo maana utaratibu unaofuatwa ni damu ya asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, hujala kitu, na ikitoka chini unarudia siku nyingine kabla hujamwita mtu mgonjwa. Chakula nacho kinachangia, sukari ikiingia kwenye damu testosteroni inashuka kwa muda. Nikamuuliza siku ile ulikula nini, akasema alitoka kula wali wa nazi na samaki, akashushia na soda. Halafu akaongeza kama kitu kidogo tu: wiki iliyopita yake alikuwa ametoka kwenye malaria, alikuwa amemaliza dawa siku mbili tatu. Aisee! Ugonjwa wowote wa ghafla unaishusha hiyo homoni, mwili unaahirisha mambo ya uzazi mpaka upone. Kwa hiyo 7.1 ile ilikuwa na saa mbaya, tumbo limejaa, na malaria juu yake.

Nikataka kumwambia basi kesho njoo saa 2 asubuhi hujala. Nikajishika. Huyu ni mlinzi wa usiku, saa 2 asubuhi kwake ndo mtu anajiandaa kulala! Homoni inafuata usingizi, hiyo "asubuhi" iliyoandikwa kwenye vitabu ni ya mtu aliyelala usiku. Mtu aliyekesha ukimtoa damu anapotoka zamu unapima uchovu. Tukakubaliana asubiri likizo yake, ilikuwa imebaki wiki tano, alale usiku kama watu kwa siku saba ndo tupime. Hakufurahi. "Wiki tano dokta, mi mtu mzima." Nikamwambia mzee wangu umesubiri miaka miwili.

Zile wiki tano ndo zilituokoa, maana nilikuwa nimekosea na sikujua. Siku ya kwanza nilimuuliza unatumia dawa gani, akajibu za presha tu, nikaandika. Aliporudi kupima presha nikamwambia alete kila kidonge kilichopo nyumbani, hata cha kwenye kabati, hata cha mkewe. Akaja na mfuko. Ndani ya mfuko kuna karatasi ya kujikunja ya vidonge vidogo vyeupe, "hivi vya mgongo". Nikavisoma: prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 5. Alipewa na mtu kwenye duka moja baada ya kulalamika mgongo, akameza viwili, maumivu yakaisha kama yamefutwa, akarudi akanunua tena, na tena, viwili kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Kwake ile haikuwa dawa ya kumtajia daktari, ilikuwa kitu cha mgongo, kama dawa ya kuchua.

Na hapo picha nzima ikageuka, kwa sababu jamii hiyo ya dawa ukiitumia muda mrefu inabana ishara zinazotoka kwenye ubongo kwenda korodani, homoni inashuka. Inapandisha sukari. Inapandisha presha. Inaongeza kitambi na kula ovyo. Yaani karibu kila alichokuwa nacho mzee kilikuwa kinalishwa na vile vidonge vyeupe vya mgongo. Na ole wako umwambie aache leo leo: mtu aliyevimeza mwaka mzima tezi zake za juu ya figo zimelala, akikata ghafla anaweza kuanguka presha, kutapika, hata kupoteza maisha. Nikampeleka kwa bingwa, dozi ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Mgongo ulipouma tena alinitukana kimoyomoyo nilimwona usoni, akapelekwa mazoezi ya viungo na dawa nyingine.

Sukari tulipima siku ileile ya mfuko. Kabla ya kula, 11.2. Ile ya wastani wa miezi mitatu ikatoka asilimia 9.1. Kisukari hicho, na hakuna mtu aliyewahi kukitafuta, wakati anaamka kukojoa mara mbili tatu siku anazolala usiku na yeye akijua ni tezi dume. Tulipima PSA pia, kipimo cha damu cha tezi dume, 1.8, haikuwa na shida.

Likizo ikafika, akalala wiki nzima. Damu saa 2 asubuhi, tumbo tupu: 9.8. Baada ya siku tisa tukarudia: 10.1. Sampuli ya pili ikaenda Dar na vipimo vya ziada ambavyo si bei ya mchicha, mwanawe aliyeko Arusha ndo alilipia. LH, hiyo ni homoni ya ubongo inayoziamrisha korodani zifanye kazi, ilikuwa 4.2, kiwango cha kawaida. Prolaktini, homoni ya maziwa, kawaida. Protini inayobeba testosteroni kwenye damu ilikuwa chini, 17, na ukikokotoa ile testosteroni iliyo huru, ambayo ndo inafanya kazi, unapata kama pikomoli 275 hivi.

Nieleze hapa taratibu kwa sababu ndo moyo wa kisa. Korodani zikiwa ndo zimekufa, sema mtu aliugua matubwitubwi makali yakashuka chini au alipigwa au alipata mionzi, LH inapanda juu sana, ubongo unapiga kelele na chini hakuna anayejibu. LH ikiwa chini au ya kawaida wakati testosteroni iko chini, basi shida iko juu, ubongo hausukumi inavyotakiwa. Huko juu inaweza kuwa uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ndo maana tunauliza kichwa kinauma? macho ya pembeni yanaona? maziwa yanatoka? na tunapima prolaktini. Lakini mara nyingi kwa wanaume wa umri huu ni mafuta ya tumbo, kisukari, usingizi mbovu, na dawa. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na ubongo ukiona estrojeni imetosha unapunguza amri. Mtu mnene pia ile protini ya kubeba inashuka, kwa hiyo testosteroni ya jumla inasoma chini hata kama iliyo huru haijapungua sana. Hiyo ndo ilikuwa hali ya mzee wetu: jumla 10.1 iko chini, iliyo huru 275 haiko mbaya.

Na umri je? Upo, siukatai. Inashuka kama asilimia 1 hivi kwa mwaka mtu akishavuka miaka 30 na kitu. Lakini kuna utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2010, wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 mpaka 79, walipoweka masharti yote mawili, zile dalili tatu za chumbani pamoja na homoni chini kwa jumla na kwa iliyo huru, waliopatikana na upungufu wa kweli walikuwa asilimia 2.1 tu. Hata wa miaka 70 na kuendelea ni kama asilimia 5. Ni Wazungu hao, sisemi Tanga ni hivyohivyo, ila ukisikia mtu anasema kila mwenye miaka 50 homoni zimeisha achome sindano, jua anauza. Mzee wetu kwa masharti yale hakuingia, iliyo huru ilitakiwa iwe chini ya 220.

Sindano sasa. Si za uongo, nilimjibu hivyohivyo maana aliuliza. Mtu ambaye korodani zimekufa au pituitari imeharibika hiyo ndo dawa yake na inambadilisha maisha. Ila ina masharti. Damu inakuwa nzito, wingi wa chembe nyekundu ukipita asilimia 54 unasimamisha. Mbegu zinapungua mpaka zinaweza kuisha kabisa, kijana anayetaka mtoto asiiguse. Tezi dume ichunguzwe kwanza. Na mwenye kukata pumzi usingizini bila matibabu, kama anavyosimulia yule mama, anaweza kuzidishiwa. Kuhusu moyo watu walibishana miaka, mwaka 2023 ukatoka utafiti wa Marekani wa wanaume zaidi ya 5,200, homoni ya kupaka, mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kuliko kwa waliopaka dawa bandia, lakini mapigo kwenda kombo na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kidogo. Na wale walikuwa na vipimo viwili vya chini asubuhi na uangalizi wa karibu. Kuchomwa kwenye chumba cha nyuma ya duka ni habari nyingine.

Kwa hiyo hakuchomwa. Alianza metformini, dawa ya kisukari. Dawa za presha bingwa akazibadilisha, alikuwa na atenololi na ile ya kukojoza, zote mbili zinaweza kumtia mtu unyonge chumbani. Na kushindwa kusimamisha kwa mwenye kisukari na presha, hata homoni ikiwa nzuri, mara nyingi ni mishipa, ile mishipa ni myembamba kuliko ya moyo kwa hiyo inaziba kwanza. Nikampima moyo kwa sababu hiyo, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haikuwa na kitu cha kutisha.

Chakula tulipambana. Chai alikuwa anatia sukari vijiko vinne, kazini usiku anakunywa chupa nzima ili asisinzie, na mahamri ya saa 9 usiku kwa mama mmoja anayeuzia walinzi na makuli. Piga mwenyewe hesabu. Mkewe ndo alifanya kazi kubwa hapa, akamwekea chai ya tangawizi na mchaichai bila sukari, wiki ya kwanza aliimwaga kwenye mtaro. Alikuja kuniambia mwenyewe. Baiskeli aliirudia mwezi wa tatu, kwanza mpaka msikitini, halafu mpaka sokoni Ngamiani, halafu kazini.

Palipotushinda ni zamu. Aliomba ahamishiwe mchana, msimamizi akamwambia mchana wamejaa. Mpaka leo analala mchana kwenye chumba cha bati, watoto wanacheza nje, joto la Tanga unalijua. Tuliziba dirisha kwa pazia nzito, simu inazimwa, basi. Na kipimo chenyewe cha usingizi hakufanya, hela haikutosha. Analala ubavu, amepungua, mkewe anasema kukoroma kupo ila ule ukimya wa kutisha umekuwa wa nadra. Sijui kama ningekuwa nimemaliza kazi yangu pale, mimi naona bado.

Mwezi wa tisa tukapima tena, likizo nyingine, utaratibu uleule wa kulala wiki. Prednisoloni imeshaisha miezi mitatu nyuma. Kilo 87. Kiuno 103. Sukari ya miezi mitatu 7.0. Presha 134 kwa 84. Testosteroni 12.6, bila sindano hata moja. Alfajiri jogoo anawika, "si kila siku dokta, ila yupo". Kwa tendo lenyewe bingwa alimwandikia sildenafili dozi ndogo, ya hospitali, inayojulikana ina nini ndani, anaitumia mara mojamoja.

Alipoona 12.6 akauliza kawaida ya kijana ni ngapi. Nikamwambia wengi wanakuwa juu ya hapo. Akanyamaza, akahesabu kitu kichwani. "Kwa hiyo sindano moja tu, ya kunipandisha kidogo?" Mkewe akamvuta mkono wa shati, akasema twende baba, pancha ya baiskeli haijazibwa na fundi anafunga.